Wazazi, pangeni safari kwa kibofu cha mtoto mdogo kuliko wote

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuchangie kuhusu ushauri waliopewa hivi karibuni wazazi wanaojiandaa kusafiri na watoto wadogo kwa gari la familia. Ulikuwa ushauri mwepesi kukumbukwa: ondokeni usiku wa manane ili watoto walale, wakiamka wapeni kishikwambi, na peremende zisikae mbali. Tunaoandika ni wawili, dereva wa masafa marefu na muuguzi wa watoto. Kila moja kati ya hayo matatu lina kasoro, na mzazi huigundua akiwa tayari barabarani, tena mahali pasipo na pa kusimama.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa safari nyingi huharibikia hapo kabla gari halijawashwa. Mzazi hutazama umbali, akaugawa kwa mwendo anaoupenda, akapata saa ya kufika na kuwatangazia ndugu wanaomsubiri. Tuseme ni kilomita 480. Ukiingiza miji, malori na matuta, wastani wa kweli hauzidi sana kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo ni saa 8 za kuendesha. Sasa mweke mtoto ndani. Kanuni inayotumika hospitalini kukadiria ujazo wa kibofu cha mtoto ni umri wake kwa miaka, jumlisha moja, zidisha kwa mililita 30. Mtoto wa miaka mitatu anapata mililita 120, haifiki nusu ya glasi ya maji ya kawaida. Huyo ndiye anayepanga vituo, apende dereva asipende. Kusimama kila baada ya saa 2 kunakupa vituo vitatu: viwili vya dakika 25, na kimoja cha chakula cha saa nzima. Ongeza nusu saa ya dharura, maana lazima kitu kimwagike. Safari ya saa 8 imekuwa saa 10 na dakika 20.

Tofauti hiyo ya zaidi ya saa mbili ndiyo huzaa ugomvi wote garini. Aliyeahidi saa 8 huanza kuruka vituo ili kufidia, mtoto hujikojolea, kituo cha kumbadilisha hula muda mrefu kuliko kile kilichorukwa, dereva huongeza mwendo, giza likaingia. Mtoto hana kosa hapo. Ratiba ndiyo yenye kosa. Kwa maoni yetu, ukiwa na mtoto chini ya miaka mitatu, kuendesha kusizidi saa 6 kwa siku, na kinachobaki kisubiri kesho yake. Si sheria ya mahali popote, ni kipimo chetu, na familia zilizogawa safari hatujazisikia zikijuta.

Kumnyima mtoto maji ili asikojoe si dawa. Choo kitakuwa kigumu kwa siku mbili baada ya kufika, na kwenye joto ni hatari. Mpe maji kwa mafunda wakati gari linatembea, na kikombe kizima dakika chache baada ya kufika kituoni, akishatoka chooni, ili kabla hamjaondoka arudishwe mara ya pili. Mara hiyo ya pili husahaulika. Mtoto anayejifunza kuacha nepi avalishwe nepi siku ya safari bila kuonewa haya, na poti ndogo yenye mfuko wa plastiki na nepi moja kuukuu ya kunyonya mkojo ikae nyuma ya kiti cha mbele, si chini ya masanduku.

Sasa kuondoka usiku wa manane. Ni kweli watoto watalala. Mwili wa dereva nao utataka kulala: usingizi humvuta mtu kwa nguvu zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, kisha kwa kiasi kidogo tena kati ya saa 8 na saa 10 mchana. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi kwa kiwango kinachokaribia kile cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Baba au mama aliyeamka saa 12 asubuhi, akashinda akifunga mizigo, ametimiza saa 17 ilipogonga saa 5 usiku, hata ufunguo hajaushika. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hula mita 28 hivi kila sekunde. Kusinzia sekunde tatu ni zaidi ya mita 80 ambazo hakuna anayeziona. Na gari ambalo wote wamelala halina hata mtu wa kumsemesha dereva.

Hapa sisi wawili hatukubaliani kikamilifu. Dereva anapenda kuondoka saa 11 alfajiri, kwa sharti kwamba atakayeshika usukani amelala tangu saa 3 usiku, mizigo imepakiwa jioni, na watoto wamelala wamevaa nguo za safari ili wabebwe tu. Muuguzi anasema mtoto aliyekatishwa usingizi na kuondoka bila kula ndiye anayetapika mapema na kununa mchana, kwa hiyo bora wale kidogo, waende chooni, gari liondoke saa 1 au saa 2 asubuhi. Familia ichague. Ambalo wote tunalishikilia ni saa 7 za usingizi kwa dereva. Akizidiwa njiani, kufungua dirisha na kupandisha muziki hakuondoi usingizi. Asimame mahali salama, anywe kahawa, alale dakika 15 hadi 20 huku mwenzake akiwatembeza watoto. Kahawa huchukua karibu nusu saa kuanza kufanya kazi, kwa hiyo akiamka vitu viwili vinamsaidia kwa pamoja. Akilala zaidi ya hapo huamka mzito, na atahitaji muda wa kuzinduka kabla ya kushika usukani.

Kuhusu kiti cha mtoto tutasema kwa kirefu, maana ndipo uzembe wa safari ndefu hujificha. Wengi hufunga vizuri asubuhi nyumbani. Kituo cha pili ndicho chenye matatizo: mtoto ana usingizi, analia, mzazi ana haraka, mkanda umejisokota, koti limebaki mwilini, na blanketi limeingia chini ya mgongo. Kila anaporudishwa kitini, kagua upya kana kwamba ndiyo mnaondoka.

Namna ya kukagua ni hii. Shika kiti pale mkanda wa gari unapopita ukitikise: kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu upande wowote. Kama kiti kinamtazamisha mtoto nyuma ya gari, kamba za mabega zitokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kama anatazama mbele, zitokee usawa wa mabega au juu kidogo. Kaza, kisha jaribu kuubana mkanda kwa vidole viwili penye mfupa wa bega. Ukifanikiwa kuukunja, bado umelegea. Koti nene au sweta la manyoya livuliwe kwanza, kwa sababu linakandamizwa wakati wa kugonga na kuacha nafasi ambayo hukuiona ulipokaza. Baridi ikiwapo, mfunike kwa juu baada ya kumfunga.

Mtoto mchanga atazame nyuma. Kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili wake na mifupa ya shingo haijakomaa. Akitazama nyuma, nguvu ya kugonga husambaa mgongoni mwote badala ya kuivuta shingo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129 ya viti vya watoto inataka atazame nyuma angalau hadi miezi 15, na madaktari wa watoto hushauri aendelee hivyo mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chenyewe. Miguu yake kukunjwa haimdhuru. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa wa dashibodi ambao haujazimwa, kwa sababu unapofumuka hukipiga kiti mgongoni, palepale kilipo kichwa cha mtoto.

Na wale wanaosema mtoto akilia abebwe tu mapajani? Gari lililo katika kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila kilo huvuta mbele kama kilo 14. Mtoto wa kilo 10 anakuwa mzigo wa kilo 140. Hakuna mikono ya kuuzuia. Kumfunga pamoja na mtu mzima kwa mkanda mmoja ni vibaya zaidi, kwani uzito wa mkubwa ndio utakaomkandamiza mdogo. Mtoto akilia bila kunyamaza, gari lisimame.

Mtoto mkubwa kidogo hukaa kwenye kiti cha kunyanyulia mpaka mkanda wa gari umkae sawasawa: ule wa chini ulale kwenye mapaja na si tumboni, wa juu upite katikati ya bega na si shingoni, na magoti yakunjike penye ukingo wa kiti huku mgongo ukiwa umeegemea. Wengi hufikia hapo wakiwa na urefu wa sentimita 145 hadi 150. Kwa safari ndefu chagua kiti cha kunyanyulia chenye mgongo na mbavu, kwa sababu mtoto akilala kwenye kile kisicho na mgongo huinamia pembeni na mkanda unabaki hewani. Angalia pia kama ameupitisha mkanda wa bega nyuma ya mgongo. Atafanya hivyo mara tu utakapogeuka.

Mtoto wa wiki chache ana hatari nyingine, ya pumzi. Kidevu kikiangukia kifuani, koo jembamba linajikunja. Ndiyo maana wataalamu hushauri wiki za mwanzo asikae kitini zaidi ya nusu saa kwa mkupuo, na hata baadaye asipitishe saa mbili bila kutolewa na kulazwa chali juu ya kitu tambarare. Mkifika, usimwache aendelee kulala kwenye kiti hicho sebuleni eti ametulia. Ushauri wetu wa wazi: kama safari inaweza kusubiri mpaka mtoto apite miezi mitatu, isubiri.

Kunyonyesha na kubadilisha nepi ni kazi za gari lililosimama. Hata kuinama juu ya kiti umnyonyeshe akiwa amefungwa kunamfungua mama mkanda wake. Anayetumia maziwa ya unga abebe maji ya moto kwenye chupa ya kutunza joto na unga uliopimwa kwenye vikopo, kila mlo na chake, achanganye wakati wa kunywa. Maziwa yaliyokwisha kuchanganywa hayafai baada ya saa 2 nje ya baridi, na mtoto akishaanza kunyonya chupa, kinachobaki baada ya saa 1 kimwagwe. Ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, au hadi saa 24 kwenye kikasha chenye vipande vya barafu. Joto la ndani ya gari mara nyingi hupita nyuzi 25, kwa hiyo kikasha ni lazima.

Tufike kwenye kutapika, jambo ambalo kishikwambi na peremende hulichochea. Sikio la ndani linahisi gari linakata kona; macho yaliyokazwa kwenye kioo kidogo yanasema tumetulia. Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalolipa. Watoto wa kati ya miaka miwili na 12 ndio huugua zaidi. Walio chini ya miwili ni nadra. Dalili huanza kabla ya malalamiko: mtoto msemaji ananyamaza, anapauka, anapiga miayo, anameza mate mara kwa mara, anakataa hata toy anayoipenda. Kuanzia hapo una dakika chache. Zima skrini, ingiza hewa, mwambie atazame mbali mbele, punguza mwendo kwenye kona, na usimame mara ya kwanza inapowezekana atembee. Mtoto anayetapika kila safari, kama umri na kiti chake vinaruhusu kutazama mbele, akae katikati ya kiti cha nyuma ikiwa hapo pana mkanda kamili na kiti chake kinafungika vizuri, ili aone barabara kupitia kioo cha mbele.

Chakula kiwe kidogo na kikavu saa moja kabla ya kuondoka. Tumbo tupu halisaidii, na mafuta au maziwa mengi yanaongeza balaa. Dawa zipo, ila si za kubahatisha: zenye promethazini hazipewi mtoto chini ya miaka miwili kwa sababu zinaweza kuzuia pumzi, na nyingine zina umri na kipimo chake. Mfamasia aambiwe uzito wa mtoto. Nyingi hutolewa nusu saa hadi saa nzima kabla ya safari. Akishaanza kutapika umechelewa. Jaribu dozi ya kwanza siku ya kawaida mkiwa nyumbani, kwani wapo watoto ambao dawa hizo, badala ya kuwalaza, huwafanya wahangaike saa nzima. Hutaki kuligundua hilo ukiwa kilomita 200 kutoka popote.

Mfuko wa kutapikia uandaliwe hivi: kopo moja la plastiki lenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana (mifuko laini hukunjika na kumwaga), taulo mbili, chupa ya lita moja ya maji ya kuoshea, vitambaa vyenye unyevu, magadi ya kuokea ya kunyunyiza penye harufu, mfuko mkubwa wa kufungia nguo chafu, nguo kamili ya kubadili kwa kila mtoto na shati moja la aliyekaa karibu naye. Watu husahau hilo shati. Kamba za kiti cha mtoto zifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni hafifu. Zisilowekwe wala kupigwa dawa kali, zinadhoofika. Baada ya kutapika subiri dakika 10, kisha anza na kijiko cha chai cha maji yaliyochanganywa na pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini (ORS) kila baada ya dakika moja au mbili. Ukimpa kikombe kizima kwa huruma, kinarudi chote. Akipitisha saa 6 bila kukojoa, macho yakaingia ndani au akalegea, safari imekwisha. Tafuteni kituo cha afya kilicho karibu.

Kuhusu peremende: mtoto chini ya miaka minne asipewe njiani peremende ngumu, karanga, bisi, zabibu nzima wala vipande vya karoti mbichi. Kupaliwa hakuna sauti. Aliyeketi mbele hasikii kitu, na mtoto anayetazama nyuma haonekani uso. Zabibu zikatwe nne kwa urefu. Kila mtu mzima garini ajue la kufanya: akikohoa kwa nguvu mwache akohoe, asipotoa sauti, gari lisimame, mtoto atolewe, apigwe mara tano katikati ya mabega akiwa ameinamishwa, ikishindikana, mwenye zaidi ya mwaka abanwe tumbo mara tano kwa juu ya kitovu, na aliye chini ya mwaka abonyezwe kifua mara tano, usimbane tumbo. Rudia kwa zamu huku mwingine akipiga simu ya dharura.

Kishikwambi hatukikatazi. Kwa asiyetapika kina kazi yake, ila kikitolewa saa ya kwanza, saa ya saba hakina nguvu tena. Kiwekwe akiba mpaka nusu ya safari ipite, michezo na katuni ziwe zimepakuliwa ndani yake (mtandao utakatika), na kifungwe imara nyuma ya kiti cha mbele. Kikiwa huru, ile hesabu ya mara 14 inakihusu pia. Kabla ya hapo weka vitu vidogo vyepesi kwenye boksi moja linaloshikwa na mtu wa mbele, litoke kitu kimoja kila dakika 45 na cha zamani kirudi. Stika zinazobanduka, kitabu cha kitambaa, penseli za rangi. Krayoni huyeyuka kwenye gari lenye joto. Mpira huviringika hadi chini ya breki, usipande garini. Kitu cha kufungwa kwa kamba ili kisianguke kiwe na kamba isiyozidi sentimita 20, isije ikazunguka shingo.

“Tumefika?” haijibiki kwa saa, maana mtoto wa miaka minne hana picha ya saa mbili. Funga uzi juu ya dirisha la mbele, upande wa abiria, weka vibanio vya nguo 10, ondoa kimoja kila kilomita 50. Anauliza, anaoneshwa uzi. Baada ya muda anahesabu mwenyewe.

Mtu mzima wa kiti cha mbele ndiye kondakta wa gari hili: anajibu, anagawa maji, anaamua ugomvi, anapokea simu. Dereva haguswi na lolote la nyuma. Kuokota toy iliyoanguka kwa sekunde mbili katika kilomita 100 kwa saa ni mita 56 bila macho. Kama mzazi yuko peke yake na watoto, basi kanuni ni moja na wanaambiwa kabla: kilichoanguka hakiokotwi mpaka kituo. Mtoto akijifungua mkanda, gari linapunguza mwendo, linasimama mahali salama, wote wananyamaza mpaka afungwe. Bila kelele. Akiona kila mara kufungua mkanda kunasimamisha gari na hakuna raha inayofuata, huacha. Akiona mara nyingine mnaendelea, ataendelea kujaribu. Loki ya watoto ya milango ya nyuma ijaribiwe kwa mtu kukaa ndani na kuvuta kishikio, na vioo vifungwe kwa swichi ya dereva.

Kituo kiwe cha kukimbia, si cha kukaa tena kwenye kiti kingine. Dakika 10 za kukimbia, kuruka, kupanda na kushuka ngazi hununua karibu saa moja ya utulivu. Kumtoa mtoto kwenye kiti cha gari na kumketisha kwenye kiti cha mgahawa hakununui kitu. Wakiwa nje, kila mtoto anayesubiri aweke mkono kwenye bodi ya gari mpaka aitwe, kwa sababu aliyesimama nyuma ya gari linalorudi nyuma haonekani. Kabla ya kuondoka, hesabu vichwa kwa sauti. Kila mzazi hudhani mwenzake ndiye aliyemchukua.

Na asiachwe mtoto garini, hata kwa dakika ya kulipia mafuta. Gari lililofungwa juani hupanda karibu nyuzi joto 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, kuacha upenyo wa dirisha hakusaidii, na mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano kwa haraka kuliko wa mtu mzima. Dereva mwenye kusahau aweke simu au pochi yake kiti cha nyuma, penye mtoto. Mkirudi garini, gusa vyuma vya mkanda kabla havijamgusa. Funika kiti kwa kitambaa cheupe wakati wa kushuka. Kivuli cha dirisha kiwe cha wavu, kisimzibe dereva kioo cha pembeni.

Mizigo ina kosa moja kubwa: jeki, spana na tairi la akiba vinazikwa chini ya masanduku yote, halafu pancha inatokea. Vitolewe vikae pembeni, pamoja na pembetatu za tahadhari na tochi. Tairi zipimwe upepo zikiwa za baridi, kwa kipimo cha gari lililojaa kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva; ni kikubwa kuliko kile cha siku zote. Gari likiharibika, watoto washuke upande usio na magari, wakae mbali na barabara, nyuma ya kingo kama zipo, wasibaki ndani wakisubiri. Mizigo mizito ikae chini, ikiegemea mgongo wa kiti. Juu ya ubao wa nyuma pasiwe na kitu.

Barabara za milimani huziba masikio. Mnaposhuka, mpe mtoto funda la maji au chuchu bandia, na mkubwa ajaribu kupiga miayo. Mtoto mwenye mafua huumia zaidi.

Saa ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo yenye giza kwa waliokosea hesabu. Kama imebaki saa moja na watoto wameshindwa, simameni tena dakika 15, hata kama mnaona taa za mji. Watoto wavalishwe nguo za kulalia kwenye kituo hicho na kupewa chakula chao, ili kufika kuwe kulala tu. Kesho yake isiwe na safari nyingine. Mizigo yote ishushwe, na mfuko wa kutapikia uoshwe, ujazwe upya na kurudishwa garini usiku uleule, maana asubuhi ya kurudi hakuna atakayeukumbuka.

Wako,
Dereva na Muuguzi, wasomaji wa gazeti lako